Maisha ya Mzee Nehemiah Makhanu, Karani wa Mizani

Waombolezaji, familia imemtuma Shikanga, mpwa wa marehemu, awasomee haya, na imekubaliana yasomwe yote.

Mzee Nehemiah Makhanu alizaliwa tarehe 12 Juni 1956 hapa Shianda, mtoto wa nne wa wazazi waliolima miwa, akaanza shule ya msingi mwaka wa 1965, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1975, akakata miwa kwa miaka mitatu, na tarehe 5 Machi 1979 akaajiriwa katika kiwanda cha sukari kuwa karani wa mizani ya miwa, kazi aliyoishika hadi alipostaafu mwaka wa 2011. Madereva wa trekta walimwita Kilo, kwa sababu ukimwomba akuongezee moja, alikuambia urudi shambani ukaikate.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na Nabwire, wakajaliwa watoto wawili, Awinja mwaka wa 1987 na Titus mwaka wa 1998. Awinja alipewa jina la mama yake Mzee, kwa hiyo tangu utotoni baba yake alimwita Mama.

Jumapili ya kwanza ya Januari 1994, baada ya kula obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, Mzee alitoa daftari, akataka kila mmoja aseme lengo lake la mwaka na familia iseme lake, akayaandika, na kando ya kila lengo akaandika jina la mtu mwingine wa kulipima, ambaye peke yake ndiye angetia alama likitimia. Mkata miwa hapimangi mzigo wake mwenyewe, alisema. Nabwire aliandikisha kujifunza baiskeli, akajifunza, kovu liko gotini, naye Mzee aliandikisha kuacha sukari kwenye chai, na miaka mitatu mfululizo Nabwire alimnyima alama.

Tarehe 6 Januari 2019, Titus aliandikisha kumaliza stashahada ya umeme katika muda wa miaka mitatu, na mpimaji wake akawa Awinja. Tarehe 2 Januari 2022, mbele ya wote, Awinja alitia alama, Nabwire akapiga vigelegele, na kuanzia siku hiyo Mzee, ambaye hakuwa mtu wa kujisifu, alimweleza kila aliyekutana naye barabarani kwamba mwanawe ni fundi wa umeme huko Lugari.

Jumamosi tarehe 18 Novemba 2023 alikwenda Mautuma, huko huko Lugari, kumtembelea Titus bila kumpigia simu, akamkuta akifanya kibarua kwenye mashine ya kupukuchua mahindi, vumbi hadi kwenye kope.

“Baba, mimi chuo niliacha mwaka wa kwanza,” Titus alimwambia. “Dada alijua.”

Mzee alivua koti, akamsaidia kushona magunia hadi jioni, wakala pamoja, akampa mkono wakaagana, na hakuna siku aliyomlaumu Titus. Swali alimuuliza Awinja, kesho yake, hapa uani.

“Nani alipima?”

“Ni mimi, Baba. Presha ilikuwa inakusumbua. Niliona nikusitiri.”

“Ulinisitiri nini? Kijiji kizima nimekidanganya kwa mdomo wangu. Angeniambia ameshindwa, ningeandika ameshindwa, tukaanza upya. Mimi sikuliamini daftari, nilikuamini wewe.”

Tangu siku hiyo hakumwita tena Mama, alimwita Awinja, na Januari iliyofuata hakukuwa na kikao cha daftari.

Mwezi wa Mei 2025 madaktari walimkuta na saratani ya tumbo. Awinja alirudi nyumbani, akamwogesha, akampeleka kliniki kila wiki, na Mzee alimshukuru kila mara, kama mtu anavyomshukuru muuguzi. Jumapili tarehe 4 Januari 2026 aliomba daftari, akaandika lengo moja, kula Pasaka nyumbani, na mahali pa mpimaji hakuandika jina. Awinja aliiona nafasi hiyo tupu, akasubiri hadi Februari ndipo akasema.

“Baba, niandike mimi.”

“Wewe Awinja nipikie uji,” alijibu. “Huo hata ukiungua nitaunywa. Kupima, hapana.”

Aliunywa uji huo hadi alipolazwa hospitalini Kakamega, na Jumanne tarehe 3 Machi 2026, saa moja asubuhi, akafariki, Awinja akiwa kando yake. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi kwenye maturubai siku zote hizi, na wazee wa mizani waliofika kutoka Matungu na Mumias. Awinja aliomba sehemu yake isomwe bila kupunguzwa, na anawaomba wanaokuja kumpa pole wasimwambie kwamba baba yake alimsamehe, kwa kuwa alikuwa naye hadi mwisho na hakumsikia akisema hivyo.

Mzee Makhanu, pumzika kwa amani.