Usingizi wa Jenereta

Benchi ni langu, liko mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu, lakini nenda kawaambie wenyewe. Kinyozi wa mlango wa pili kashalifanya sebule yake. Wakili, ambaye mahakamani hajawahi kukanyaga ila kwa ubishi hana mpinzani, ana kona yake. Katikati hukaa Jenereta, mchomelea mageti, ambaye akiegemea tu ukuta anakoroma mpaka misumari yangu inacheza kwenye kopo. Mkoromo ukikatika ghafla tunapiga kelele, "Umeme umekatika!" Ukirudi kwa kishindo, "Umerudiii!" na makofi juu. Ndiyo burudani yetu kila mchana. Leo Jenereta katoka kwa daktari, kapokea kahawa yake, uso umemshuka.

— Presha haishuki, jamani. Dawa nameza kama nilivyoambiwa, yenyewe inapanda tu. Daktari kasema tukicheza nayo nitaanguka, niwaache wanangu.

— Makubwa haya! nikasema. Wewe?

— Mimi. Halafu eti ananiuliza, unalala vizuri? Nikamwambia, kwa kulala usiniguse, nalala fofofo. Mke wangu mwenyewe kelele zimemshinda, kahamia chumba cha watoto.

— Hapo daktari kachemka, akasema Wakili. Usingizi na presha wapi na wapi? Wewe usingizi unao wa kugawa!

— Ni chumvi hiyo, akasema Kinyozi.

— Chumvi gani! akadakia Wakili. Ni moto wa kuchomelea. Damu inachemka, ikichemka inapanda. Sufuria ya maziwa hujaiona?

— Basi na sisi tunaokaa naye tumeshaiva! akasema Kinyozi.

— Au ni kile kipimo, nikachomekea na mimi. Kimefungwa kwenye mkono wa Jenereta, kikadhani ni paja, kikapata presha chenyewe.

Tukacheka mpaka machozi. Nikageuka nimwone Jenereta anavyocheka, kumbe zamani keshaegemea ukuta, kikombe kimebaki mapajani. Misumari ikacheza kwenye kopo. Kisha ikatulia.

— Umeme umekatika! tukapaza sauti.

Mama mmoja aliyekuwa akingoja nimshonee kandambili akamsogelea Jenereta, akamwinamia.

— Samahani, kaka zangu. Hapo aliponyamaza, anapumua?

Wallahi! Siku zote hizo tunashangilia, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumtazama. Leo tukamtazama. Kifua kinahangaika, shingo imekaza, mdomo uko wazi, na hewa haiingii. Nikaitupa sindano, nikainuka.

— Jenereta! Kinyozi akampigia ukelele. Jenereta, we!

Akashtuka kwa kishindo, anahema kama mtu aliyetolewa majini, kahawa yote kwenye suruali. Akatuangalia mmoja mmoja, akajichekesha.

— Vipi, leo hamshangilii?

Wakili akampokea kikombe. Mimi nilikuwa nawaza kile chumba anacholala peke yake, umeme ukikatika humo, nani anajua.

— Simama, ndugu yangu, nikamwambia. Tunarudi kwa daktari, sote.

— Si nimetoka huko sasa hivi? Maswali yake yote nimemjibu.

— La usingizi alikosea mtu wa kumuuliza. Wewe ulikuwa umelala. Sisi tuliokuwa macho ndio tutamjibu.