Macho ya Kaka, Sura za Wengine

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mama aliyewachora wasio na wenyewe. Alikuwa mhudumu wa mochwari. Wenzake walimwita Mama Penseli. Alitutoka wiki mbili zilizopita.

Alianza kuchora mwaka ule kaka yake alipoondoka nyumbani bila kuaga. Waligombana, tena kwa jambo dogo tu, na kaka hakurudi. Basi kila alipoletwa maiti asiye na jina, Mama Penseli alikwenda mbio kumtazama. Si kaka yake. Anashusha pumzi, anavuta stuli, anamchora, ili ndugu zake wakija wamtambue. "Tulia, mwenzangu," humwambia, "nakuchora tu."

Miaka thelathini, wasikilizaji. Sura moja kila asubuhi, bila kifutio. Hata alipostaafu aliendelea nyumbani, kabla ya chai, akiwachora waliombakia kichwani.

Binti yake anasema: "Mama, chai inapoa! Wapi, hasikii. Nyumba kimya, penseli tu inakwaruza. Nikiwa mdogo alikuwa akija na madaftari yake nyumbani, nami niliogopa kupita pale mezani. Wote walikuwa wananitazama."

Walimtazama kweli. Maiti hufumbwa macho, lakini Mama Penseli aliwachora wamefumbua, maana ndugu humjua mtu kwa macho. Sasa macho yenyewe atayatoa wapi? Akawapa anayoyajua, ya kaka yake. Wazee, vijana, wanawake, wote macho ya mtu mmoja. Nimeyapekua madaftari hayo, na siwafichi, mwili ulinisisimka.

Kumbe kaka yu hai! Siku ya mazishi alikuja mzee mmoja, akasimama nyuma kabisa. Binti alipomwona, alimwendea. Hakuwahi kukutana naye, ila macho yale amekua nayo.

"Mjomba?"

Mzee akaangua kilio. Tangazo la kifo alilisikia kwenye redio hii hii. Alikuwa anaishi mji wa pili, mwendo wa saa tatu kwa basi. Miaka yote hiyo aliona haya kurudi.

"Bado alikuwa amenikasirikia?" akauliza.

Binti aliingia ndani. Akamletea daftari.

Pole sana, binti. Pole nawe mjomba, najua unatusikiliza. Mungu awatie nguvu. Na wewe uliyeondoka kwenu kwa hasira, popote ulipo, hebu fikiri. Pengine yuko anayekutafuta hadi kwa maiti. Mpigie leo, aisikie sauti yako.