Fundi Saa na Magongi Mawili

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo kwa macho yangu haya na kwa masikio haya ambayo daktari mmoja aliwahi kuyasifu mbele ya watu. Nilikaa ncha ya benchi, pale ubao ulipopasuka na humfinya mgeni asiyejua. Benchi lenyewe liko kwenye kona: nyuma ukuta wa karakana, mbele jiko na birika la Shangazi, muuza kahawa. Saa nne asubuhi wenyeji walikuwa wameshakaa. Kengele, mlinzi mstaafu aliyepiga kengele ya shule miaka thelathini, na mpaka leo haongei, hutangaza. Bodi, fundi wa kunyoosha magari yaliyogongwa, mwenye nyundo kiunoni kama wengine walivyo na simu. Na Wakili, ambaye hakusomea sheria hata siku moja ila amekaa sana mahakamani kusikiliza kesi za wenzake. Ndipo akatokea Fundi Saa, sahani moja kubwa ya shaba kwapa hili, ndogo kwapa lile, jasho mpaka kwenye nyusi.

Fundi Saa: Jamani, niokoeni. Dada yangu anafungua darasa la yoga leo saa kumi, kule juu ya duka la dawa. Amenituma gongi.

Kengele: Gongi ndiyo kitu gani?

Fundi Saa: Haya hapa. Unatundika, unapiga, watu wamelala chali wanasikiliza.

Bodi: Wamelala? Saa kumi ya mchana?

Fundi Saa: Ni mwisho wa mazoezi. Wanajinyoosha, wanapumua, wakichoka wanalala, gongi linalia.

Kengele: Miaka thelathini nimegonga chuma kuamsha watu! Leo mtu anagongewa chuma ili alale?

Shangazi: Punguza sauti, Kengele, kahawa inamwagika.

Fundi Saa: Muuzaji amenipa yote mawili niyajaribu. Moja lazima lirudi kabla ya adhuhuri. Sasa sijui lipi.

Wakili: Tatizo liko wapi? Masikio si unayo?

Tatizo lilikuwa kioo. Mwaka jana dada yake huyo huyo, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alimtuma kioo cha ukutani cha kufanyia mazoezi. Fundi Saa akamletea kioo kirefu, fremu maridadi, ila kilikuwa na wimbi katikati. Ukisimama mbele yake, kiuno chako kinahamia kushoto na kichwa kinabaki kulia. Dada mtu alikigeuza tu kikatazama ukuta, na mpaka leo kiko vile vile. Kila Fundi Saa akienda kumsalimia kule juu ya duka la dawa hukaa mkabala na mgongo wa kile kioo. Juzi dada akamwambia: “Nichagulie gongi, mdogo wangu. Wewe kazi yako ni kusikiliza.” Fundi akaelewa kwamba ametumwa mara ya mwisho. Akikosea na hili, hatatumwa tena hata kiberiti.

Wakayatundika kwenye misumari ya karakana. Muuzaji alikuwa amempa na kirungu chenye kichwa cha kitambaa. Akaligonga dogo.

Teng! Kwisha.

Moyo wa Fundi Saa ukalipenda. Katika kazi yake sauti nzuri ni ile inayojua kuacha. Saa inasema ti, inanyamaza, inasema ti. Saa ikianza kuvuta sauti, hiyo ni mgonjwa, inafunguliwa mgongo. Akaligonga kubwa. Lilianza chini kabisa, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lako, likawa linapanda...

Kengele: Hilo hilo! Chukua kubwa!

Fundi Saa: Kwa nini?

Kengele: Kelele, bwana! Mwanafunzi anayechelewa alisikie akiwa bado kwao. Na mwambie dada yako utaratibu: mapigo matatu kuingia, moja kupumzika, mfululizo kama kuna moto.

Fundi Saa: Mzee wangu, hawa hawapangi mstari.

Kengele: Ndiyo maana wanalala!

Fundi akaligonga tena kubwa, asikilize vizuri. Halijafika mbali, Bodi akasimama na kulipapasa kama anayekagua mlango wa gari.

Bodi: Wewe, umeuziwa mzoga. Tazama. Mbonyeo, mbonyeo, mbonyeo. Hili limegongwa ubavuni.

Fundi Saa: Muuzaji kasema ni alama za nyundo. Linatengenezwa hivyo.

Bodi: Kila mwenye gari lililopinduka hunieleza lilitengenezwa hivyo. Nipe nusu saa. Nalinyoosha, linakuwa sawa kama meza, kisha nalipulizia rangi.

Shangazi: Rangi gani?

Bodi: Bluu. Nimebakiwa na bluu.

Fundi Saa akalitazama gongi. Kabla ya hapo aliona shaba inayong’aa. Sasa aliona ajali tupu. Hata dogo akaanza kulitilia shaka, maana lilikuwa laini mno, na kitu laini mno huenda kimeshanyooshwa na Bodi mwingine. Akaligonga kubwa mara ya tatu. Wakili akakohoa kikohozi cha kufungua kesi.

Wakili: Ndugu zangu, mnajadili umbo, mnasahau historia. Hili gongi lilikuwa kwa nani kabla?

Fundi Saa: Sijauliza.

Wakili: Basi umeingia mkataba gizani. Shaba inanasa maneno. Kama lilitundikwa kwenye nyumba ya mke na mume wanaogombana, yale matusi yamo humo ndani. Dada yako akiligonga, yanatoka. Watu walilala chali na amani zao, wanaamka kila mmoja anamdai mwenzake talaka.

Bodi: Wacha wee.

Wakili: Nimelisikia mahakamani, hakimu yupo.

Shangazi: Kesi gani hiyo?

Wakili: Ya mbuzi. Lakini lilitajwa.

Bodi: Kwa hiyo hata haya tunayosema sasa hivi linanasa?

Wakili: Tangu tulipoanza.

Benchi zima likasogea mbali na magongi kidogo. Fundi Saa akavua koti lake akalifunika lile kubwa haraka haraka. Kisha akakumbuka dogo, akavua kofia. Wakaanza kunong’ona. Tabu ikawa Kengele, ambaye mnong’ono wake unasikika ng’ambo ya barabara.

Kengele: NIMESEMA NENO BAYA MIMI?

Shangazi: Umesema mzoga.

Kengele: Alisema Bodi!

Bodi: Basi nikilinyoosha, maneno yote si yatatoka? Kwenye mibonyeo ndimo yanamokaa.

Wakili akafikiri, akakubali kwamba kitaalamu hoja hiyo ina miguu. Fundi Saa kichwa kikawa kimejaa: mapigo matatu, rangi ya bluu, talaka, mbuzi. Alikuja na magongi mawili asiyoyajua, sasa alikuwa na manne. Jua lilikuwa linapanda, na muuzaji si mtu wa kungoja. Akasikia mdomo wake mwenyewe unasema:

Fundi Saa: Nyoosha mbonyeo mmoja tu, Bodi. Ule wa katikati. Tuone.

Bodi akafunua koti, akatema mate kiganjani, akachomoa nyundo. Mkono ulikuwa umeshafika juu ya sikio lake pale mwanamke mmoja aliposimama mbele ya birika, mkeka umekunjwa kwapani.

— Samahani wakubwa zangu. Darasa la yoga la juu ya duka la dawa nafikaje? Ni saa kumi, lakini nataka nipajue mapema.

— Panda ile ngazi ya kijani, mwanangu, akajibu Shangazi, kwa kuwa wanaume wote walikuwa wanatazama nyundo.

Mwanamke naye akaitazama. Kisha akaliona gongi.

— Ala! Ndilo la kwetu? Zuri. Linalia muda gani mpaka linyamaze?

Kengele akamtazama Bodi. Bodi akamtazama Wakili. Wakili akatazama kikombe chake. Halafu wote, pamoja na Shangazi, wakamgeukia Fundi Saa, mtu mwenye saa tatu mkono mmoja na nyingine nne mfuko wa shati, zote zinasema wakati ule ule bila kupishana. Alikuwa ameligonga mara tatu, na mara zote tatu mtu alianza kusema kabla halijamaliza.

Wakili: Hilo swali lina vifungu viwili. Kifungu cha kwanza...

Shangazi: Nyamaza.

Fundi Saa: Bodi, shusha nyundo.

Akachukua kirungu. Safari hii hakupiga, aliligusa tu, kama anavyogusa gurudumu la saa ya mkononi. Sauti ikaanzia chini. Kengele akafungua kinywa, Shangazi akamwinulia kijiko cha kukorogea, kinywa kikafungwa. Sauti ikapanda, ikaenea, ikapita kwenye mbao za benchi mpaka kahawa ikafanya viduara ndani ya vikombe. Hakuna aliyetikisika. Ikaanza kushuka taratibu, ikawa nyembamba, na Fundi Saa, saa kubwa kuliko zote imo kiganjani, akaifahamu. Ilikuwa ile sauti ya dada yake akipiga pasi usiku wa zamani, mdomo umefumbwa, anaimba kwa pua ili mdogo wake asinzie. Miaka yote ile hakuwahi kujua wimbo unaishia wapi, maana usingizi ulimchukua kabla.

— Sekunde hamsini na tatu, akasema.

— Hapo mtu anapumua vizuri kabisa, akasema mwanamke, akaelekea kwenye ngazi ya kijani.

Dogo likarudi kwa muuzaji kabla ya adhuhuri. Kubwa likapanda ngazi na mibonyeo yake yote, bila tone la bluu. Dada mtu aliligonga mara moja, akasimama mpaka likanyamaza, kisha akalitundika kwenye ule ukuta wenye kile kioo kilichogeuzwa, uso wake ukiwatazama watu. Kwenye kumsindikiza mdogo wake mlangoni akamwambia: “Kesho nipitie, kuna mapazia nataka uniangalizie.” Fundi Saa alishuka zile ngazi akiruka mbili mbili, umri wake ule.

Yote hayo niliyaona, na anayebisha akamuulize Shangazi. Kimoja tu nimekitia mimi. Zile sekunde hamsini na tatu ni zangu. Niliona aibu kusimulia habari ya fundi saa isiyo na hesabu ndani yake. Saa alikuwa nayo kiganjani kweli, lakini macho yalikuwa yamefumbwa. Yule mwanamke alingoja, akamuuliza tena ni muda gani, na Fundi akajibu bila kuyafumbua:

— Bado nalisikia.