Nilishukuru Kabla ya Kupona

Asifiwe Bwana wa barabara ya vumbi! Asifiwe Bwana wa chumba cha sindano, maana ni yeye yuleyule!

Ndugu zangu, mimi ni Martha, yule muuza tumbaku, mke wa Bura. Wengi wenu mnaijua sauti yangu kabla ya sura. Hii ni mara ya pili nasimama mbele yenu kushuhudia uponyaji. Mara ya kwanza mliimba, mkapiga makofi, mama mmoja akavua kanga yake akanivika mabegani. Leo nimekuja kwa ajili ya ushuhuda ule wa kwanza, maana umenisumbua kuliko ugonjwa wenyewe. Naomba msinikatize. Nikikatizwa nitakaa chini, na nikishakaa sitasimama tena.

Bura alipopata kazi katika shamba la kahawa la mzungu kule Oldeani, miaka ile ya kungojea Uhuru, mimi nilibaki hapa Rhotia na jembe. Mahindi yakagoma. Nikaanza biashara. Nilichukua tumbaku na unga Karatu, nikapanda lori mpaka juu Ngorongoro kwa Wamaasai, nikarudi na samli na ngozi. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka Serengeti, maboma mapya yalikuwa mengi, na akina mama wa Kimaasai waliipenda tumbaku yangu kwa sababu sikuichanganya na majani makavu. Niseme kweli, niliipenda kazi hiyo. Jembe halikuulizi habari za ulikotoka, lakini barabara inakuuliza.

Ila lori si la baba yako! Dereva ndiye anayesema nani apande na akae wapi. Mwanamke mwenye mzigo hupanda juu ya magunia, na ile mvua ya ukingoni mwa kreta humla mpaka kwenye mifupa. Mwanamke aliyeelewana na dereva hukaa mbele, penye joto la injini. Sote tulijua kuelewana ni nini. Sisi wa juu tuliwacheka wale wa mbele, tukawaita mabibi harusi. Basi safari moja lori likakwama kwenye matope ya kupanda, ukungu ukashuka hata magurudumu hatuyaoni, nami nina homa natetemeka. Nikaenda mbele. Bura anajua. Amekaa pale karibu na mlango, na nilimwambia yeye kabla ya kuwaambia ninyi. Dereva simtaji jina, sikusimama hapa kwa ajili yake.

Majuma machache baadaye nikaona kidonda, pale ambapo mwanamke haonyeshi mtu. Kimoja tu, kigumu kama kifungo cha koti, na hakiumi! Hicho ndicho kilichonichanganya. Jino linauma, mwiba unauma, hata mkwaruzo wa gunia unauma, huu ni ugonjwa gani usiouma? Nilikuwa nimesikia, tukiwa juu ya magunia, kwamba kuna ugonjwa wa barabarani, kaswende, wengine wanauita sekeneko. Lakini nikajiambia huo ni wa mabibi harusi wa kila safari, mimi nilikwenda mbele mara moja tu, tena kwa sababu ya homa. Nikafunga. Nikaomba. Nikasema na Mungu kama ninavyosema na mteja mgumu: kiondoe hiki, nami nitakutangaza. Na kidonda kikaondoka, ndugu zangu! Hakikuacha hata alama.

Ndipo nikasimama hapa mara ile ya kwanza. Sikusema kidonda kilikuwa wapi. Nilisema nilikuwa na kidonda, na Bwana amekikausha bila dawa. Mlishangilia! Mzee Yakobo, mzee wetu wa kanisa, akaubeba ushuhuda wangu katika mahubiri yake Jumapili baada ya Jumapili, mpaka watoto wakaujua kwa moyo. Nikawa mtu wa kuitwa kwa wagonjwa. Nami nilikwenda, nikawawekea mikono hii.

Mikono hii hii ndiyo iliyoota vipele baadaye, viganjani, na nyayoni pia. Havikuwasha. Nywele nazo zikawa zinabaki kwenye kitana. Bura alipokuja mwisho wa mwezi akavitazama viganja vyangu, akasema hiyo ni sumu ya tumbaku. Vikaondoka navyo, vyenyewe. Nikashukuru tena.

Halafu nikapata mimba. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, wa kiume, vidole vyote vimekamilika, na hakulia. Mkunga alimgeuza, akampiga makalio, akampulizia kinywani. Hakulia. Bura akachimba. Nikapata mimba nyingine, naye huyo akatoka vilevile, kimya. Bura akachimba kando ya kaburi la kwanza.

Kwetu sisi Wairaqw, mwanamke aliyezaa mtoto mfu anakuwa metimani. Anakaa kando, ili balaa lake lisiwafikie wengine. Haingii nyumba ya mtu, hachoti maji pamoja na wenzake, haombi moto kwa jirani. Hata baadhi yenu, wapendwa, mlinisalimu kwa kunipungia mkono kutoka ng'ambo ya shamba. Siwalaumu. Mlikuwa na watoto. Lakini nilichanganyikiwa, ee Bwana! Mungu aliyekausha kidonda changu bila dawa, mbona anakausha na watoto? Au amechukizwa na kule mbele ya lori? Na kama amechukizwa, kidonda alikiondoa kwa nini? Nikilima nawaza hayo, nikipika nawaza hayo, mboga zinaungua. Hakuna swali hata moja lililokuja na jibu lake.

Mahali ambapo sikuwa metimani palikuwa juu ya magunia tu. Nikarudi barabarani, tumboni nina mimba ya tatu, bado changa.

Huko nilikuwa na Zainabu, Mwislamu wa Karatu mjini, muuza shanga. Tumesafiri pamoja tangu mwanzo. Mdomo wake ni pilipili, moyo wake ni uji. Siku hiyo aliniona nimeshika tumbo kila lori likiruka shimo.

"Ya ngapi hii, dada?" akaniuliza.

"Ya tatu."

"Na wale wawili walizaliwa wamekufa?"

Nikaitika kwa kichwa. Zainabu akausogeza kando mzigo wake wa shanga. Kisha akaniinamia sikioni. "Uliwahi kupata kidonda huko chini? Kisichouma?"

Nilijiona kama nimevuliwa nguo mbele ya watu! Nikamjibu kwa ukali kwamba Bwana alikwisha kukiponya, na kanisa zima ni shahidi.

"Hata changu kiliondoka chenyewe," akasema. "Nikamshukuru Mungu, nikatoa sadaka ya maandazi. Kumbe kimeingia ndani kujenga. Ni kaswende hiyo. Nesi wa dispensari alinipima damu, akanitibu. Twende nawe."

"Siendi."

"Mficha uchi hazai, Martha."

Ndugu zangu, sikukataa kwa kuwa sikumwamini. Nilimwamini, na hapo ndipo nilipokwama. Nikipimwa na ugonjwa ukaonekana, basi Mungu hakuniponya. Na kama hakuniponya, basi nilisimama hapa nikamsingizia, nanyi mkaimba juu ya uongo. Na wale wagonjwa niliowawekea mikono? Nani angenisikiliza tena? Nikaona heri nilinde ushuhuda. Kisha mtoto akacheza tumboni kwa mara ya kwanza, nikawakumbuka wale wawili, nao walicheza vizuri tu, na sikujua tena ninalinda nini.

Nikamwendea Mzee Yakobo. Sikumficha kitu. Nikamuuliza, nikienda dispensari kwa ugonjwa niliokwisha kuushuhudia kuwa umepona, nitakuwa nimemkana Mungu? Akakuna kidevu. Akasema, "Jambo hili ni zito, mama. Ngoja nikaliombee kwanza." Mzee, Mungu akubariki, mpaka leo nangoja. Ila mtoto wa tumboni hangoji.

Safari iliyofuata, lori lilipotoka sokoni Karatu, lilipita mbele ya dispensari. Nilikuwa nimejipanga kutazama upande wa pili. Zainabu akainuka. Alilipiga paa la lori kwa kiganja, dereva akasimama, Zainabu akashuka. Akaanza kuvuta mzigo. Si wake, wangu! Gunia la tumbaku likadondoka barabarani likapasuka. Nikashuka kuliokoa, nikamtukana, Bwana anisamehe. Dereva akatutukana sote wawili, akatia gia akaenda, na shanga zote za Zainabu zikaenda naye. Tukabaki tumesimama katikati ya tumbaku.

"Na shanga zako?" nikamuuliza.

"Shanga zitanunuliwa nyingine," akasema. "Ingia ndani."

Nikaingia. Sitawadanganya kwamba niliingia kwa imani. Niliingia kwa sababu mwenzangu amepoteza mzigo wake, nami nisingeweza kumwacha ameupoteza bure.

Nesi alikuwa mwanamke wa Kichaga, mnene, hana haraka. Damu ikatolewa, ikapelekwa kupimwa, nikaambiwa nirudi. Niliporudi akafunga mlango. Akaniambia ugonjwa upo, tena si wa jana. Akaniambia kidonda cha kaswende huondoka chenyewe hata kwa mtu asiyeomba, na vipele vilevile, lakini ugonjwa unabaki kwenye damu, na kwenye damu unamfikia mtoto.

"Basi Mungu hakuniponya?" nikamuuliza.

"Mama, mimi kazi yangu sindano. Hilo kamuulize mchungaji wako. Mume wako naye aje. Tukikutibu wewe peke yako, atakurudishia."

Nikamuuliza sasa ni nani aliyemletea mwenzake. Akasema, "Mimi simtafuti mwizi. Nautafuta ugonjwa."

Bura alikasirika. Alisema huo ni ugonjwa wa barabarani, na mwenye barabara ni mimi. Ndipo nikamwambia habari za lori na ukungu. Akatoka nje bila kofia. Nikamwona kwenye yale makaburi mawili, anang'oa majani ambayo hayakuwa mengi. Alikaa huko mpaka nikadhani ameniacha. Aliporudi akachukua koti lake la kanisani, akalikung'uta.

"La tatu sichimbi," akasema. "Twende."

Alichomwambia nesi ni chake. Nilisikia tu akiulizwa kama aliwahi kupata kidonda kisichouma, na nikasikia alivyochelewa kujibu. Kwa hiyo ni mimi niliyemletea? Ni yeye aliyeniletea? Tumeligombania jambo hilo mpaka tukachoka, na mpaka leo hatujui. Sindano tulizijua. Siku baada ya siku, mpaka kukaa juu ya gunia kukawa adhabu! Yeye anachechemea, mimi nachechemea, watoto wa Karatu wanatucheka. Siku moja katikati ya kuchechemea Bura akacheka naye. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu kaburi la kwanza.

Na mtoto akazaliwa, ndugu zangu! Wakati wake ulipotimia! Wa kike. Alilia kabla hajamaliza kutoka, mkunga akashtuka. Bura alikuwa nje. Hakuuliza ni wa kike au wa kiume, aliuliza tu kama huyo anayelia ni wetu.

Sasa nirudi kwenye ushuhuda ule wa kwanza. Niwarudishie makofi yenu? Sijui. Nilisema nilichokiona: kidonda kilikuwepo, kikawa hakipo. Labda Bwana alikuwa ananipa nafasi tu, nami nikaiita uponyaji. Labda kazi yake ilikuwa kile kiganja cha Zainabu juu ya paa la lori, naye Zainabu haji hata kwenye kanisa letu. Nimeomba anifafanulie, hajanifafanulia. Namwamini hivyo hivyo, na kuchanganyikiwa kwangu mkononi. Hakunidai nielewe kwanza ndipo aniokoe.

Lakini dada zangu wa magunia, nisikieni. Wa juu na wa mbele, leo simcheki mtu. Kidonda kikiondoka chenyewe, usishukuru bado! Kapime damu. Mpeleke na mumeo, na mkifika msibishane nani alianza. Na ukiwa na mimba, usingoje mtu aliombee jambo kwanza. Nenda, naye aombe huku unakwenda. Mwaminini Bwana, hata nesi amemweka yeye. Siku ya soko mimi na Zainabu tutakuwa mbele ya dispensari, yeye na shanga, mimi na tumbaku. Ukiona aibu kuingia, sema unamsindikiza Martha. Nitakubali. Nitaingia nawe hata mara mia.

Asanteni kwa kunisikiliza. Asante, Bura, kwa koti lile. Asante, Yesu.

Huyo ninayemsikia ni wangu. Hapana, mama, usimtoe nje. Mwacheni alie. Wenzake wawili hawakulia.