Mlango Uliofagiwa Bila Mchoro

Senthil: Haloo? Haloo, Amma?

Maren: Haloo... nani mwenzangu?

Senthil: Senthil. Wewe nani? Mpe mama yangu simu yake.

Maren: Aa, kaka Senthil! Habari za Chennai? Mimi Maren, yule mwanafunzi wa Denmark, ninayejitolea hapa shul—

Senthil: Najua, Maren, unakaa kwetu tangu mvua zilizopita. Mpe Amma simu.

Maren: Kwani leo Jumapili? Wewe hupiga Jumapili.

Senthil: Maren.

Maren: Ametoka. Yuko... yuko hekaluni.

Senthil: Hekaluni. Saa nane hii ya mchana?

Maren: Ndiyo. Kaenda kuomba.

Senthil: Kumwomba nani, popo? Adhuhuri hekalu linafungwa, hata mungu mwenyewe analazwa. Umeishi Kumbakonam siku zote hizi hulijui hilo?

Maren: Basi labda kapitia sokoni.

Senthil: Njia ya mwongo fupi, dada. Yako haijafika hata uani.

Maren: Kaka, mtandao unakatika—

Senthil: Haukatiki! Na usinikatie! Rukmini, jirani yetu wa mkono wa kulia, kanipigia simu. Unajua kaniambia nini? Kanipa pole.

Maren: Pole ya nini?

Senthil: Ndiyo nakuuliza wewe! Watu wamejaa barazani kwake wanangoja kilio kianze kwetu. Wameshamtuma mtu akanunue maua.

Maren: Kilio? Mbona hakuna— nani kafa?

Senthil: [mtandao unakwaruza] ...langoni. Nasema mlangoni! Leo mlangoni petu kuna nini?

Maren: Hamna kitu. Pasafi.

Senthil: Pasafi vipi?

Maren: Nilifagia alfajiri, nikanyunyiza maji, kama afanyavyo Amma. Nilitaka akirudi akute—

Senthil: Akirudi kutoka wapi?

Maren: Kutoka huko sokoni.

Senthil: Na ule mchoro wake wa unga wa mchele, wa kila alfajiri? Ulichora?

Maren: Mimi sijui kuchora, kaka. Nilidhani ni pambo tu. Nikapaacha hivyo hivyo.

Senthil: Ee Mungu wangu. Umefagia, umenyunyiza maji, halafu ukapaacha patupu. Maren, kwetu hakuna nyumba inayoamka bila mchoro mlangoni ila yenye maiti ndani. Mtaa mzima umepita hapo, umeona mama yangu amekufa.

Maren: Jamani, sikujua! Ndiyo maana muuza maziwa kasimama langoni kainamisha kichwa, kaondoka bila kugonga. Na mimi nikatoka nikamfokea maziwa yangu yako wapi!

Senthil: Wamekosea?

Maren: Kaka, mimi...

Senthil: Maren, naogopa. Wamekosea, au hawakukosea? Mama yangu yu hai?

Maren: Yu hai! Yu hai, kaka, asubuhi nilimshika mkono. Lakini—

Senthil: Lakini nini?

Maren: Kaniapisha nisiseme.

Senthil: Sema.

Maren: Yuko hospitali tangu jana. Ana uvimbe tumboni, wanautoa leo. Wamemwingiza chumba cha upasuaji na mpaka sasa hawajamtoa. Mimi nimekimbilia nyumbani kuchukua shuka.

Senthil: [mtandao unakwaruza]

Maren: Kaka? Haloo?

Senthil: Mwanawe wa pekee ni mimi. Unajua wewe mgeni, mimi sijui! Mficha maradhi kilio humfichua, na hiki cha kwetu kimemtangulia hata—

Maren: Usinifokee mimi!

Senthil: Nimfokee nani basi?

Maren: Jifokee mwenyewe! Tangu umwoe Nandhini bila baraka yake hujakanyaga hapa. Kila jioni anapika cha watu watatu, na tuko wawili. Fungu lako nalila mimi, mpaka nguo nilizokuja nazo hazinitoshi!

Senthil: [anavuta pumzi] Alisema nini? Alipokuapisha, alisemaje?

Maren: Alisema, "Akija kwa sababu nakufa, sitajua kamwe kama angekuja nikiwa mzima."

Senthil: [honi inalia]

Maren: Uko wapi? Nasikia honi.

Senthil: Kwenye basi. Nandhini yuko hapa ubavuni, analia mpaka abiria wanatugeukia. Sikiliza, Maren. Unga uko kwenye kopo nyuma ya mlango wa jikoni. Toka nje ukachore.

Maren: Sasa hivi? Jua la utosi hili? Watanicheka.

Senthil: Wacheke! Anayecheka halii. Chukua kopo.

Maren: Haya, natoka... Wamesimama wote, kaka. Wananitazama tu.

Senthil: Usiwaangalie. Weka nukta kwa safu, halafu zungusha mstari mmoja bila kuukata. Ubane unga kwa vidole viwili.

Maren: Unamwagika. Umepinda huu.

Senthil: Endelea.

Maren: Rukmini anakuja. Anakuja mbio— kaka, anafuta! Anafuta mchoro wangu kwa mguu!

Senthil: Anafuta? Kwa nini anafuta? Kasikia nini? Hospitali wamepiga? Maren! Maren, kasikia nini?

Maren: Ngoja... kaninyang'anya kopo...

Senthil: Nijibu!

Maren: Kainama. Anachora. [kicheko, chenye kilio ndani yake] Anachora upya, kaka! Ananitukana, anasema hata kuku angechora vizuri kuliko mimi. Anauchora mkubwa mpaka barabarani.

Senthil: [kwa sauti ndogo] Mungu ambariki mama huyo na matusi yake.

Maren: Narudi hospitali. Akizinduka nimwambie unakuja?

Senthil: Mwambie... [mtandao unakwaruza] ...mwambie mimi na Nandhini tulikuwa tumeshapanda basi kabla Rukmini hajapiga.

Maren: Ni kweli?

Senthil: [honi]

Maren: Kaka Senthil? Ni kweli?

Senthil: Salio linaisha, dada. Nenda, wahi, usimwache peke—

Maren: Haloo? Haloo, kaka? Kama bado unanisikia: ule uongo wa hekalu ulinishinda. Huu nitausema vizuri.