Saini ya Shangazi

Kwenye basi, mshonaji mmoja alikuwa akimsimulia bwana aliyekaa pembeni yake, nami nyuma yao nimetega masikio. "Nilimdhamini mtoto wa kaka yangu apate chumba. Nilidhani nashuhudia tabia yake tu! Kumbe asipolipa kodi, nadaiwa mimi. Jana dalali wa mahakama kabeba cherehani, gauni la bibi harusi bado liko kwenye sindano!"

"Pole, dada, lakini ungesoma kwanza," yule bwana akacheka.

"Nilisoma, nikaona mkataba ni wa mwaka mmoja. Kumbe akiuongeza mkataba, udhamini wangu unaendelea, hata asiponiambia."

Kicheko kikakatika. "Unaendelea? Mimi nilimdhamini shemeji mwaka juzi!"

Basi lilisimama, tukashuka wengine wote. Yule bwana alibaki kitini, simu sikioni, akinong'ona, "Shemeji, pokea, tafadhali."