Sauti Aliyoiacha Jilala Shimba

Baba yetu Mzee Shimba, wifi yangu Vaileth na watoto, viongozi wa kanisa na wa kijiji, wafugaji na wakulima mliokaa kila watu upande wao, mimi ni Marciana, mdogo wake marehemu. Familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, na kamati ya mazishi ikanishauri niandike kwamba alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya umeme. Ushauri nimeusikia, lakini walioingia kwenye kibanda umiza chake cha kuoneshea muvi ndio wamejaa hapa, kwa hiyo nitamsoma kama alivyoishi.

Jilala Shimba alizaliwa tarehe 14 Agosti 1986 wilayani Maswa, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Shimba Lugata na marehemu mama yetu Agnesi. Mwaka 1997 wazazi walihamia na ng'ombe hapa Kisanga, akamaliza darasa la saba mwaka 2002, akasoma sekondari mjini Kilosa hadi kidato cha nne mwaka 2006, na matokeo yake tuyaache yalipo, alikuwa anaangalia sana muvi.

Mwaka 2007 alikwenda Mikumi, akachaji simu za watu na kuwauzia soda madereva wa malori, baadaye akajifunza Morogoro ufundi wa kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye muvi za nje, ule wa ma-DJ wa muvi, na mwaka 2011 akafungua kibanda chake pale Mikumi, mabenchi, turubai, televisheni na maiki, vitu ambavyo siku za gulio alivileta hapa Kisanga. Sifa yake ilikuwa moja, kwamba anajua Kichina, Kihindi na Kikorea, na yeye hakuwahi kuikanusha.

Tarehe 5 Oktoba 2013 alifunga ndoa kanisani Mikumi na Vaileth Mathayo, binti wa wakulima wa Kilangali, ndoa ambayo pande zote mbili ziliinunia mpaka alipozaliwa Jovin mwaka 2014, na mwaka 2017 wakafuata mapacha, Kulwa na Doto.

Sasa nafika mahali nilipoombwa nipite haraka. Mwaka 2022 alipata muvi moja ya nje, ya kijiji kinachovamiwa na wezi, na kwa kuwa hakuelewa hata neno moja, alitunga, na ili watu wacheke, mkuu wa wezi akampa lafudhi ya mzee wa Kisukuma anayeingiza ng'ombe kwenye mashamba ya watu huku akiwasalimia kwa heshima zote, na shujaa anayekwenda kumfukuza akampa maneno haya, "Leo boma linahama." Kibanda kilijaa, vijana wakakariri, ikaingia kwenye simu, watoto wa shule wakawa wanawatupia wafugaji maneno hayo njiani, na mfugaji akithubutu kujibu anaigwa anavyoongea mpaka ananyamaza.

Baba alipita gulioni akaisikia kupitia turubai. Jioni alimwita Jilala, akamwambia, "Ile sauti ya mwizi ni yangu." Jilala akajibu kwamba ni biashara tu, baba, watu wanacheka wanarudi makwao.

Nimekaa kwenye semina ambako mtaalamu mmoja anasema sinema zinaharibu vijana, mwingine anasema sinema ni burudani tu, wanapigiwa makofi wote wawili, tunakwenda kula. Aliyetengeneza muvi ile huko kwao hajui kama duniani kuna Kisanga. Aliyeiingiza Kisanga humo ni kaka yangu, kwa maiki, kwa sababu alitaka kupendwa na wateja.

Jumamosi tarehe 15 Juni 2024, siku ya gulio, ng'ombe waliingia kwenye mahindi ya kina Ashrafu, wakulima wa hapa Kisanga, hawakuwa wa baba, ila siku hiyo hakuna aliyeuliza ni wa nani. Mchana ule Ashrafu na wenzake waliingia kibandani na mapanga, wakataka waoneshwe kwanza mwisho wa muvi ile, ndipo waende bomani. Jilala akaiweka, shujaa alipofungua mdomo, kaka akamsemesha kwamba kesi ipelekwe kwa mtendaji wa kijiji. Walicheka, kisha wakaanza kupiga miluzi, na mmoja akasema, "DJ, usituzingue, sema anavyosema yule." Kaka akazima sauti, watu wa kwenye muvi wakabaki wanapigana kimya, akashika maiki akasema, "Sijui anavyosema. Sijawahi kujua. Nilitunga mimi, yule mwizi ni baba yangu, na boma mnalokwenda ndiyo kwetu."

Wapo walioketi, yupo aliyemwita tapeli. Ashrafu na wachache wakaondoka. Vaileth, alipoona mapanga, alikuwa ameshapiga simu bomani, watoto na mifugo wakatolewa mapema, lakini baba alikataa kutoka, akavunjwa mkono, zizi likachomwa, na njia nzima walikuwa wanaimba maneno yale yale.

Kesi ilisuluhishwa. Jilala hakushika tena maiki. Januari 2025 aligundulika na ugonjwa wa figo, akatibiwa Mikumi na baadaye Morogoro, na alfajiri ya Jumapili tarehe 10 Agosti 2025 akafariki. Wanaosema amekufa kwa aibu au amerogwa, waniache, ni figo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mikumi waliomlisha Vaileth na watoto, wenye vibanda wenzake waliogharamia safari, na wakwe zetu wa Kilangali, ambao wamepika tangu Jumapili.

Jana, nyuma ya turubai hili la msiba, nimeisikia tena sauti ile, kwenye simu, ikichekewa chinichini, na wiki hii kuna ng'ombe wengine wameingia shambani. Marehemu hawezi kuifuta, iko mifukoni mwenu. Mwenye sauti ile yuko hai, amekaa hapa mbele, mkono haujanyooka, na leo atalala boma lile lile. Kwa hiyo kabla ya kunyanyua jeneza, kila aliye nayo atoe simu aifute, wakulima kwa wafugaji, maana na nyinyi wafugaji mnayo. Mchungaji atuwie radhi, ratiba itachelewa. Ashrafu, uko hapo, anza wewe.

Pumzika kwa amani, kaka Jilala. Sisi hatunyanyui mpaka wamalize.